Mshale Unasema 60, Barabara Inasema Ngapi?

Spidomita ya pikipiki mpya, iliyotoka kiwandani juzi, haikwambii mwendo wako halisi. Inakuongezea. Mshale ukigusa 60, pikipiki huenda inakimbia 55. Ukigusa 80, pengine hujavuka 74. Muuzaji hajakufanyia ujanja ili chombo chake kionekane kikali. Spidomita imetengenezwa hivyo kwa makusudi, na kanuni inayoruhusu nyongeza hiyo imeandikwa. Shida huja baadaye, pikipiki ikishakula miaka mitatu barabarani, ikabadilishiwa tairi, waya, pengine gurudumu zima la mbele, na dereva bado anauamini mshale kama siku aliyoitoa dukani. Au, jambo la kawaida zaidi vijiweni, mshale umelala kwenye sifuri tangu mwaka juzi na mwenyewe hana habari nao.

Ushauri huu nauelekeza hasa kwa wenye pikipiki za cc 100 hadi 150, zile Boxer na TVS na za Kichina zinazobeba abiria, magunia ya mkaa na kreti za soda. Nyingi kati ya hizo husoma mwendo kupitia waya unaopanda kutoka gurudumu la mbele, na karibu kila ninalolieleza linaanzia kwenye waya huo.

Kwanza uongo wa halali. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya, Japani na kwingineko, ina masharti mawili makubwa kuhusu usahihi wa spidomita. La kwanza halina mjadala: spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule halisi. La pili linaweka kikomo cha kuzidisha: chombo kinapopimwa ili kiidhinishwe, nyongeza isipite sehemu moja ya kumi ya mwendo halisi, ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Piga hesabu. Ukiwa kwenye 50 halisi, mshale unaruhusiwa kusimama popote kati ya 50 na 59. Ukiwa kwenye 80, unaweza kufika 92 na spidomita ikahesabiwa nzima. Igeuze hesabu hiyo: ukiona 50, mwendo wako wa kweli unaweza kuwa wowote kuanzia karibu 42 hadi 50.

Sababu yake inaeleweka. Kiwanda hakiwezi kutoa spidomita maelfu kwa maelfu zinazolingana kama mapacha. Hii springi yake ngumu kidogo, ile sumaku yake dhaifu kidogo, na tairi litakalofungwa leo si nene sawa na litakavyokuwa mwakani. Kwa kuwa kosa la upande wa chini limekatazwa kabisa, mtengenezaji hulenga juu, ili hata ile iliyotoka mvivu kuliko zote isishuke chini ya ukweli. Unachokiona kwenye pikipiki yako ni akiba ya tahadhari aliyoiweka mtu asiyejua utaifanyia nini.

Akiba hiyo inakufaa. Tanzania na Kenya zote zinataka usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na spidomita nzima ikikuonyesha 50, huna haja ya kushtuka ukimwona trafiki ameshika tochi chini ya mwembe. Hata tochi yenyewe ina upendeleo kidogo kwako: inapokumulika kutoka pembeni badala ya mbele moja kwa moja, husoma mwendo pungufu kidogo, kwa sababu inapima kasi unayolisogelea jicho lake tu. Pembe ikiwa nyuzi 10, upungufu ni kama asilimia moja na nusu.

Najua wapo watakaofika hapa waseme: basi 59 ya mshale ni 50 ya kweli, nijiongezee. Ngoja kwanza. Hiyo 59 ni kikomo tu, na hakuna aliyekuahidi kwamba yako iko huko. Spidomita yako inaweza kuwa inazidisha kwa 2 tu, au haizidishi kabisa. Na hata kama kweli inazidisha kwa 4, faida yake ni ndogo mno: safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa 46 badala ya 50 inakuchelewesha dakika moja na sekunde chache. Abiria hatakuongezea nauli kwa dakika hiyo.

Ukitaka kuelewa kwa nini mshale hubadilika tabia, inabidi uchungulie ndani. Waya unaotoka gurudumuni unazungusha sumaku. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chepesi cha alumini, na viwili hivyo havigusani. Sumaku ikizunguka inazalisha umeme mdogo ndani ya kikombe, na umeme huo unakivuta kikombe kifuate mzunguko. Springi nyembamba inakirudisha nyuma. Mshale umefungwa kwenye kikombe, kwa hiyo unasimama pale nguvu ya sumaku na nguvu ya springi zinapolingana. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyesajili hataza ya ubunifu huo mwaka 1902, na spidomita ya mshale unayoiona leo kwenye bodaboda inafanya kazi kwa kanuni ile ile.

Sasa tazama panapoweza kuharibika. Sumaku ikichoka kwa miaka mingi, inavuta kidogo, mshale unasoma chini ya ukweli, na hapo akiba ya mtengenezaji imekwisha. Springi ikilegea, kinyume chake: mshale unapanda kupita kiasi, na pikipiki ikisimama haurudi sifuri. Grisi ikipanda na kuingia kwenye kikombe, mshale unakuwa mzito, unachelewa kupanda na kuchelewa kushuka. Kwa nje si rahisi kujua kasoro iko wapi, ndiyo maana fundi anayekwambia “badilisha waya tu” kabla ya kufungua chochote anakisia.

Kuna jambo moja ambalo madereva wazoefu wengi hawalijui: zile namba za kilomita ulizotembea, zilizo kwenye chombo hicho hicho, hazitumii sumaku wala springi. Zinasukumwa na meno ya gia kutoka kwenye waya ule ule. Gurudumu likizunguka, gia inazunguka, namba inasogea. Kwa hiyo kilomita zinaweza kuwa karibu sana na ukweli huku mshale ukizidisha kwa asilimia nane. Mtu akikwambia kuwa spidomita yake ni sahihi kwa sababu kutoka kwao hadi mjini ilihesabu kilomita sawa na za kwenye kibao cha barabarani, amekithibitisha kihesabu cha kilomita tu. Mshale bado haujapimwa.

Vyote viwili, hata hivyo, vina udhaifu mmoja wa pamoja, nao ni tairi. Waya hauijui barabara. Unahesabu mizunguko ya gurudumu. Kiwanda kilidhani kila mzunguko ni urefu fulani wa lami. Tairi namba 2.75-17, kwa hesabu ya namba zake, lina mzingo wa karibu mita 1.80, hivyo linazunguka kama mara 557 katika kilomita moja. Ukifunga mbele tairi la 3.00-17 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani, mzingo unaongezeka kwa takriban asilimia 2. Gurudumu linazunguka mara pungufu kwa kilomita, spidomita inadhani unakwenda polepole, nawe unakimbia zaidi ya unavyoambiwa. Asilimia 2 peke yake haitishi. Imekula sehemu ya akiba tu. Lakini mtu akichukua gurudumu la inchi 18 kutoka pikipiki nyingine akaliweka mahali pa la 17, akabaki na namba 2.75 ile ile, anapoteza zaidi ya asilimia 4. Na kama habu ya gurudumu hilo ina gia ya spidomita yenye idadi tofauti ya meno, hapo hakuna hesabu tena. Inaweza kukudanganya kwa kiwango chochote, upande wowote.

Vivyo hivyo kwa spidomita yenyewe. Zile zinazouzwa kwenye maduka ya spea zinafanana kwa sura, zinaingia kwenye tundu zile zile, na waya unakubali kujifunga. Hakuna kinachokuzuia kufunga iliyotengenezwa kwa pikipiki yenye uwiano mwingine. Ukibadilisha, dai ya modeli yako, kisha uipime kabla hujaiamini.

Tairi kuisha kunafanya kinyume. Likipungua milimita 5 za kashata, mzingo unapungua kwa karibu asilimia 2, gurudumu linazunguka zaidi, na mshale unazidisha zaidi. Upepo kupungua nako kunasukuma upande huo huo, kidogo. Hilo haliwezi kukuponza kwa trafiki, ingawa tairi lililokwisha na lisilo na upepo lina njia zake nyingine za kukuponza.

Sproketi je? Madereva wa milimani hupenda kubadilisha sproketi ili pikipiki ivute, na wa lami hubadilisha ili ikimbie. Kama waya wako unatoka gurudumu la mbele, sproketi haigusi spidomita hata kidogo. Lakini zipo pikipiki, hasa za kisasa zenye dashibodi ya dijitali, zinazosoma mwendo kwenye shimoni ya gia, kabla ya cheni. Hizo ukitoa sproketi ya mbele ya meno 14 ukaweka ya 15, mwendo halisi unaongezeka kwa asilimia 7 na dashibodi haitaliona hilo. Kabla hujamruhusu fundi aguse sproketi, fuata waya kwa jicho. Ukipanda kutoka gurudumuni, uko salama. Ukitokea pembeni mwa injini, jiandae kupima upya.

Na kwa kuwa nimeitaja dijitali, usizidishe heshima kwayo. Namba 57 iliyowashwa kwa taa inaonekana kama imetoka maabara, kumbe imekokotolewa kwa kuhesabu mizunguko ile ile na kudhani mzingo ule ule wa tairi, kisha mtengenezaji akaongeza asilimia zake juu. Mshale unaotikisika angalau unakukumbusha kuwa ni makadirio.

Sasa kupima. Njia rahisi leo ni simu yenye GPS. Programu za bure za kuonyesha mwendo zipo tele, na kwenye barabara iliyonyooka, chini ya anga wazi, kwa mwendo usiobadilika, simu inakupa jibu linaloaminika kuliko spidomita yoyote ya pikipiki hizi. Masharti hayo matatu yana sababu zake. Simu inachelewa kidogo kusoma mabadiliko, kwa hiyo ukipandisha na kushusha mwendo itakupa namba ya sekunde iliyopita. Kati ya maghorofa mapokezi yake huyumba. Na kwenye kona pikipiki inapolala, tairi linakanyaga kwa ubavu wake, ambapo mzingo ni mdogo kuliko katikati. Spidomita inapanda ingawa hujaongeza moto. Mteremko usikutie wasiwasi, kosa lake halifiki asilimia moja hata kwenye mlima mkali.

Simu isikae mkononi mwako. Ifunge kwenye kishikio imara kwenye usukani, au bora zaidi, mpakie mtu unayemwamini, mvalishe kofia ngumu, yeye ndiye asome. Wewe kazi yako ni kuushika mshale kwenye 30 kwa sekunde kumi na zaidi, kisha 40, kisha 50, kisha 60 kama barabara inaruhusu, na kumwambia “sasa”. Yeye ataje namba ya simu. Rudini mkipima tena upande wa pili. Fanyeni alfajiri ya Jumapili, barabara ikiwa tupu. Mkimaliza mna jedwali fupi: mshale 30, kweli 28; mshale 50, kweli 46; na kadhalika. Usidhani kosa litakuwa asilimia ile ile mwendo wote. Springi zina tabia zao, na zipo spidomita zinazosema kweli kwenye 40 kisha zikaanza kutia chumvi kuanzia 60.

Asiye na simu ya namna hiyo atumie nguzo za kilomita za barabara kuu na saa. Shika mwendo mmoja, mwenzako aanze kuhesabu mnapopita nguzo na kusimamisha mnapofika inayofuata. Gawa 3,600 kwa sekunde alizopata. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa. Sekunde 72 ni 50. Sekunde 90 ni 40. Usitosheke na kilomita moja, kwa sababu sekunde moja ya kuchelewa kubonyeza ni kosa la karibu kilomita nzima kwa saa ukiwa kwenye 60, na nguzo zenyewe zinagongwa na magari na kusimikwa upya. Chukua kilomita tano mfululizo, ugawe 18,000 kwa jumla ya sekunde. Ukiwa huko, soma pia namba za kilomita mwanzoni na mwishoni. Zikihesabu 5.2 badala ya 5, ujue kihesabu chako kinazidisha kwa asilimia 4, na ule ulaji mzuri wa mafuta unaojisifia nao kijiweni umechanganyika na kilomita za hewa.

Mshale uliokufa ni kisa kingine, na hapa ndipo ninapotofautiana na madereva wengi. Watakwambia mwendo wanaujua kwa sikio. Mlio wa injini unabadilika kwa gia, kwa mzigo, kwa upepo, kwa eksozi iliyotoboka. Na mwili wa binadamu huzoea kasi haraka. Aliyetoka Chalinze akaenda nusu saa kwenye 80, akiingia Mikese na kupunguza, 60 itamfanya ahisi anatambaa, na ataapa kuwa yuko 50. Tofauti ya 50 na 60 si ya kupuuza: nguvu ambayo breki zinapaswa kuiua ni asilimia 44 zaidi, na umbali wa breki unaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Huo ndio umbali wa mtoto anayevuka kwenda kisimani.

Mara nyingi aliyeua mshale ni pancha. Fundi anatoa gurudumu la mbele pembezoni mwa barabara, anaziba tyubu, anarudisha gurudumu haraka kwa sababu wateja wamesimama. Ndani ya habu kuna vijino vinavyozungusha gia ya spidomita, navyo lazima viingie kwenye nafasi zake. Visipoingia, nati ya ekseli ikikazwa vinapinda au kuvunjika, na kuanzia siku hiyo mshale haunyanyuki. Simama umwangalie. Mwambie azungushe gurudumu kwa mkono kabla hajakaza, uone kama mshale unatikisika au waya unazunguka. Na wakati uko hapo, kwenye breki ya mbele ya ngoma, hakikisha kifuniko kinachobeba breki kimekaa kwenye kizuizi chake kwenye shokapu. Hilo halihusu spidomita, lakini kisipokaa, siku utakayobana breki kwa nguvu kifuniko kitazunguka pamoja na gurudumu, na nitakuwa nimekufundisha kupima mwendo bure.

Waya wenyewe unataka grisi kidogo kila baada ya muda, hasa kwa wanaoosha pikipiki kwa mashine ya maji yenye presha, maana maji huingia kwa chini na kutu ikaanza. Mshale unaocheza juu na chini kwa mwendo ulio sawa kwa kawaida unalalamikia waya mkavu, au uliopindishwa kwa ukali karibu na usukani. Chomoa waya wa ndani, uufute, upake grisi nyepesi, lakini acha kama sentimita 15 za juu zikiwa kavu. Waya unavyozunguka hupandisha grisi taratibu hadi ndani ya spidomita, na mingi ya mishale mizito niliyoitaja ilianzia kwa fundi mwenye mkono mzito.

Anayenunua pikipiki iliyotumika ana sababu zaidi ya kuukagua waya huu. Kihesabu kinachoonyesha kilomita 14,000 hakina maana kama waya ulikatika miaka miwili iliyopita, au kama ulichomolewa kwa makusudi kila asubuhi. Tazama meno ya sproketi ya nyuma kama yamechongoka, mpira wa kukanyagia kama umelainika, kiti kama kimeshonwa upya. Kisha omba kuendesha, na utazame mambo mawili: mshale unanyanyuka, na namba ya mwisho ya kilomita inasogea. Mshale ukinyanyuka na namba zisisogee, gia za kihesabu zimekufa peke yake, na kilomita ulizoonyeshwa ni za siku zilipokufa. Vyote viwili visiposogea na muuzaji akasema ni waya tu, kitu cha bei ndogo, mjibu kuwa kama ni cha bei ndogo aufunge yeye kabla hamjaandikiana.